Nyumba Isiyo na Ngazi

3 Februari

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia, na huko unakolala kuna dirisha. Mimi ni mzima ukiacha mkono, na mkono nao ni mzima ukiacha pale ulipovunjika. Maneno hayo ni yako, nimeyaiba. Shangazi amehamia hapa, anakusalimu, anasema ule, usije ukarudi umebaki masikio.

Afisa wa ustawi wa watoto amesema simu hapana, kuonana hapana mpaka uchunguzi uishe. Barua ruksa, mradi yeye azisome kwanza. Basi namsalimu na yeye hapa hapa: shikamoo mama afisa. Unanijua baba, hata kuagiza chumvi dukani huwa najizungusha mlangoni mara tatu. Sasa naandika siri zangu mbele ya mtu wa tatu.

Hukupata kusikia ya siku ile kutoka kinywani mwangu. Ilikuwa kipindi cha jiografia. Upepo ulikuwa unapeperusha madaftari, nikanyoosha mkono kufunga dirisha, dirisha likakwama. Nikausikia ule mlio wa mfupa, kama kijiti kikavu kinachovunjika ndani ya gunia. Sikupiga kelele. Nilikaa, nikaendelea kuchora ramani kwa mkono wa kushoto, mpaka jirani yangu wa dawati akaniambia, "Wewe, mbona unatoka jasho kama unapakia saruji?"

Hospitalini wakaniuliza nimeshavunjika mara ngapi. Nikasema hii ni ya pili. Picha ya eksirei ikasema vingine. Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama pale pale, nikamwona anaitazama picha, kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama tena.

Kesho yake alikuja na faili lenye barua zako zote za udhuru. Akazipanga kitandani kwangu kama karata. Ameteleza bafuni. Amegongwa na mlango. Ameangukiwa na ubao. Amejikwaa uani. Ameanguka kwenye ngazi. Akaiacha hiyo ya ngazi mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Jana nilifika kwenu. Nyumba yenu haina ngazi."

Nikanyamaza. Nadhani kule kunyamaza ndiko kulikokuhukumu.

Ulipokuwa unafungasha randa na msumeno hukunikumbatia, maana afisa alikuwa mlangoni. Uligonga tu kiti changu mara mbili kwa kidole, vile unavyogonga ubao kusikia kama umeoza ndani. Bado nakaa kwenye kiti hicho. Karakana imefungwa. Sikujua kwamba miaka yote hii nilikuwa nasoma kwa mlio wa randa. Sasa nafungua kitabu, sielewi kitu.

Ni mimi mwanao,
Patasi

14 Februari

Kwa Patasi wangu, mdogo lakini mkali,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Nimefurahi kusikia mkono una nafuu. Mimi nipo, kikohozi nacho kipo, tumeshazoeana kama mtu na mkwewe. Mwambie shangazi yako masikio bado yana kichwa.

Nalala nyuma ya duka la fundi mmoja wa fanicha. Nimezungukwa na vitanda kumi na viwili, vyote nimevipiga msasa mwenyewe, na mimi nalala sakafuni, kwa sababu kila kitanda kina mwenyewe. Dirisha lipo. Linatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Mama afisa, salamu. Nakuomba ukimaliza kusoma uikunje palepale ilipokunjwa. Huyu mtoto hapendi barua zenye makunyanzi.

Sasa tuseme ya maana. Njia ya mwongo fupi, na mimi yangu ilikuwa na ngazi. Ngazi hizo nilizijenga kwa kalamu, na ni kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya. Uliniomba nisiwaambie shuleni, nikakubali, kosa ni langu mtu mzima. Nimemweleza afisa kwamba mifupa yako ni myepesi tangu kuzaliwa, kwamba marehemu mama yako naye alikuwa hivyo, na weupe wa macho yake ulikuwa na ubuluu kama wako. Akanisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Hospitali kubwa wanasema faili linatafutwa. Yule daktari aliyekutibu amestaafu, hajulikani aliko.

Lakini ipo ile barua yake. Ile ya Kiingereza aliyotuandikia kabla hujaanza sekondari, uliyonisomea kwenye benchi nje ya duka la dawa. Kiingereza sikijui, ila muhuri naujua, na ile ilikuwa na muhuri. Nilikukabidhi wewe uitunze. Itafute, mama. Bila hiyo, mimi ni mwanamume aliyeandika uongo mara tano, mwenye mtoto aliyevunjika mara tano.

Baba yako

22 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, shangazi anasumbuliwa na meno tu. Pole kwa kulala sakafuni. Nimeiona barua yako, haikuwa na makunyanzi.

Ile ya daktari nimeitafuta. Sanduku la chuma nimelipekua, kabati nimelimwaga, chini ya godoro nimetazama. Sijaiona. Labda iliingia kwenye takataka siku ile shangazi alipopaka rangi. Nitaendelea kutafuta.

Nimerudi shule. Wananiita Yai. Alianzisha kiranja, kwa utani, akasema "jamani pisheni, Yai linapita," wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane. Sasa hata wa kidato cha kwanza wanasema. Jirani yangu wa dawati amehamishwa. Mama yake alikuja, akamwambia mwalimu hataki mwanawe akae na mtoto ambaye kesho atasema kavunjwa na mwenzake. Kwa hiyo nina dawati zima peke yangu. Ni dawati la watu wawili na nimekaa upande wangu uleule, sijui kwa nini sisogei katikati.

Kinachoniumiza zaidi ni mwalimu wa darasa. Ananionea huruma. Ananiita pembeni, "Mwanangu, hakuna wa kukudhuru tena, unaweza kusema." Anasema kwa upole mpaka natamani anichape. Nikimwambia hukunigusa, anatikisa kichwa, "Ndivyo wote husema." Wengine wanasema nina laana, wengine wanasema nilinyimwa maziwa utotoni. Mmoja aliuliza kama inaambukiza, kisha akafuta kalamu niliyomwazima.

Chakula cha mchana nakula darasani.

Mwanao,
Patasi

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nilijigonga nyundo kwenye dole gumba, kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Limepona, usihangaike.

Barua kama imepotea imepotea. Usijilaumu. Mwenye kuitunza alipaswa kuwa mimi.

Hapa wamejua kilichonileta. Sijui nani aliwaambia. Wenzangu hawasemi kitu, ila nikiingia mazungumzo yanakatika kama msumeno uliogonga msumari. Mmoja ana binti wa umri wako, alikuwa anakuja naye Jumamosi. Siku hizi hamleti. Simlaumu. Ningekuwa yeye nisingemleta.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu kweli hata kama mama afisa anasoma. Nikikaa hapa peke yangu nayatazama haya mangumi yangu, mikono ya kubeba magogo. Nakumbuka nilivyokuwa nakuinua kitandani, nilivyokukamata siku ulipoteleza pale uani. Ninafikiri sana. Je, kuna siku nilikushika vibaya? Kuna hata mfupa mmoja ambao ni mimi niliuvunja bila kujua, na wewe ukanifichia? Kama upo, niambie. Nitawaambia wao, yaishe.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za afya, nitaishiwa ujasiri kabla sijafika.

Hakuna. Hakuna hata mmoja. Mikono yako haijawahi kunivunja. Siku ile uani ulinidaka, mguu ulishavunjika kabla hujanifikia, niliusikia nikiwa bado nimesimama.

Na barua haijapotea. Haikuwahi kupotea. Nilijua ilipo tangu siku ya kwanza.

Unakumbuka shule ya msingi, nilipovunjika kidole, mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa akasema, "Huyu asiguswe na mtu, atavunjika"? Alikuwa na nia njema. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenigusa. Hawakunigonga, hawakunisukuma, hawakunishika mkono, hawakunisuka. Miaka mitatu nilikaa barazani mapumziko yakipita mbele yangu. Nikaapa sekondari hatajua mtu.

Ndipo daktari akaandika ile barua, nawe ukaniambia, "Nisomee, wewe ndiye msomi." Nilikusomea kwamba nipumzike, ninywe dawa, nisibebe vizito. Ukauliza, "Ndiyo hayo tu? Mbona maandishi ni marefu?" Nikakujibu, "Kiingereza kina maneno mengi, baba." Ukacheka sana. Ukaninunulia soda.

Niliruka haya. Nakutafsiria sasa, neno kwa neno:

"Tafadhali wazazi waionyeshe barua hii kwa walimu wote. Mtoto huyu amezaliwa na mifupa inayovunjika kwa urahisi. Anaweza kuvunjika bila kuanguka na bila kupigwa. Ugonjwa huu hauambukizi, na hautokani na lishe wala malezi. Asivutwe mkono, asiinuliwe kwa kushikwa kwapani. Aulizwe mwenyewe asaidiweje. Asitengwe na wenzake. Familia za watoto kama huyu mara nyingi hushukiwa kuwa zinawapiga. Barua hii itawalinda."

Itawalinda. Nililiona neno hilo nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikalikunja pamoja na karatasi. Kisha nikakusihi usiwaambie shuleni, nawe ukaanza kuandika bafu na milango na ngazi kwa ajili yangu.

Imo ndani ya mto wa kiti ulichonitengenezea. Niliishonea humo. Siku ulipogonga kiti mara mbili ukaondoka, nilikuwa nimeikalia.

Huu ni mwezi wa pili nataka kuitoa. Kila nikishika mkasi naona uso wako ukijua kwamba ni mimi. Nikaona bora wakudhanie wewe vibaya kuliko wewe kunidhania mimi. Nimeiandika sentensi hiyo na bado nimekaa naitazama.

Leo nimefumua mto. Barua halisi nimempa shangazi ampelekee mama afisa pamoja na hii. Mama afisa, unaposoma hapa, unayo mkononi.

Mwanao, kama bado

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nasubiri kila siku. Najua posta ina mambo yake. Nakuandikia tu usidhani nimenyamaza tena.

Mama afisa alikuja nyumbani siku ya tatu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti changu, akaninyooshea ile barua, akasema, "Isome kwa sauti. Yote." Nikaisoma. Alipoondoka alikwenda kwa daktari wa mifupa, akampa barua pamoja na picha zangu. Daktari akasema mambo yanalingana.

Halafu mwalimu wa darasa akaniita. Nilidhani ataniambia nilimpotezea muda. Kumbe alikuwa analia, baba, mtu mzima na kitambaa chake cha chaki. Alisema miaka kumi na tisa anafundisha na hakuna aliyewahi kumwambia ugonjwa kama huu upo. Aliniomba niwaeleze wanafunzi wote asubuhi ya Jumatatu. Nikasema siwezi. Akasema sawa, atasoma yeye. Nikalala na neno hilo. Nikaona atasimama pale, atasema "huyu," na mimi nitakuwa nimesimama pembeni tena kama siku ile ya kidole.

Jumatatu nikamwambia nitasoma mwenyewe.

Usidhani nilikuwa shujaa. Kipaza sauti kilipiga kelele, nusu hawakunisikia. Mstari mmoja niliusoma mara mbili. Niliisoma ya daktari kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, mpaka mwisho, mpaka kwenye "itawalinda." Mara hii sikuruka. Nikaongeza ya kwangu: kwamba baba yangu hajawahi kunipiga, kwamba barua za udhuru ziliandikwa kwa sababu yangu, na kwamba nyumba yetu kweli haina ngazi. Hapo wakacheka, sijui kwa nini, na mimi nikacheka kidogo.

Wakauliza maswali. Kiranja akauliza, "Ukipiga chafya je?" Nikamwambia mwaka juzi ubavu ulipata ufa kwa chafya. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza akauliza kama naweza kucheza mdako. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema naweza, asinivute tu mkono.

Sasa natoka darasani dakika tano kabla ya kengele, nisibanwe mlangoni. Korido inakuwa tupu kabisa, viatu vyangu vinasikika mpaka ofisini. Jina la Yai bado lipo. Jirani yangu wa dawati hajarudishwa, lakini juzi alipita, akasimama mbali kidogo, akauliza, "Naruhusiwa kukushika bega au nisubiri fomu?" Alinishika kwa vidole viwili, kama anapima joto la pasi.

Nilitaka kukusimulia hilo kabla ya mtu yeyote. Nimemsimulia shangazi. Akasema vizuri, akaendelea na meno yake.

Mwanao

24 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mama afisa amesema uchunguzi umefungwa tangu tarehe tisa na wewe ulipelekewa barua ya kukuruhusu kurudi. Anasema uliipokea, ukaweka sahihi. Nilihesabu siku, nikaona ungeshafika.

Sikulaumu. Nilichotaka kusema ni kwamba nimeufungua mlango wa karakana, panya hawajaharibu kitu. Nimefagia. Vumbi la mbao sikulitupa, nililisogeza pembeni tu. Gundi imekauka.

Kama huko ni pazuri, nitaelewa. Kama huwezi kunitazama, nitaelewa pia. Shangazi anaweza kukaa. Unaweza kuandika mstari mmoja tu.

Mwanao

3 Mei

Kwa Patasi,

Marahaba. Shikamoo zako zote tatu nimezipokea, nimezijibu moja moja kwa mdomo, hapa, kati ya vitanda.

Nilikasirika. Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Nilikasirika mpaka nikakata ubao wa watu ukapungua inchi nzima, fundi akanitazama, akaenda kunywa chai. Nilianza barua nne. Zote zilikuwa na maneno ambayo baba akishamwandikia mtoto hayafutiki. Nikaziwashia jiko.

Sikiliza. Ya kwenye benchi nilikusamehe zamani, kwa sababu nilijua. Mimi ni seremala, napima kwa jicho. Karatasi ilikuwa na mistari ishirini, wewe ulisoma mitatu. Niliona umeruka. Sikuuliza tena kwa sababu nami sikutaka kuyasikia. Nilikununulia soda, na soda ile ilikuwa ya kujinunua mwenyewe. Kwa hiyo hapo tuko wawili.

Ya Februari ndiyo imenikaa kooni. Uliniambia imepotea, ukaniacha niitazame mikono yangu mwezi mzima nikiwa siijui. Hilo bado halijapoa. Litapoa, lakini si kwa barua. Litapoa nikiwa nakuona unakula.

Wenzangu hapa niliwasomea ile tafsiri yako. Nilisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, yote. Yule mwenye binti akainuka akaenda nje. Jumamosi alikuja naye.

Ulisema nikae kama huku ni pazuri. Dirisha linatazama ukuta, mwanangu.

Nimeweka humu barua nyingine. Si yako, mpelekee mwalimu wa darasa. Usiifungue njiani. Najua utaifungua.

Baba yako

Kwa Mwalimu wa Darasa,

Salamu kwako mwalimu, natumaini hujambo na wanafunzi hawajambo.

Naomba udhuru kwa ajili ya mwanangu, ambaye hatafika shuleni Jumatatu tarehe kumi na mbili. Sababu: baba yake anarudi nyumbani kwa basi la asubuhi, na anataka amkute mlangoni, kwenye kiti chake.

Sababu hii ni ya kweli. Unaweza kuja kuangalia.

Baba yake